Soma jeti strimu kabla hujawasha lori: mwongozo kamili wa upepo wa juu wakati wa winta

Wakuu, hii naiandika kwa sababu ya simu. Kila ikifika Novemba simu yangu haitulii, "kaka nina lodi ya Salt Lake City kwenda Chicago, kesho kutwa njiani kukoje?" Nikimuuliza ameona nini anasema kaangalia kwenye simu kaona kajua na kawingu. Sasa kajua na kawingu ndo nini? Kale kapicha ni ka mji mmoja, na wewe unakatiza Utah, Wyoming, Nebraska, Iowa na Illinois, siku mbili na zaidi barabarani, hali ya hewa nayo inatembea kama wewe unavyotembea, na mara nyingi mnaelekea upande mmoja.

Mimi naendesha lori huku Marekani mwaka wa saba sasa, safari nyingi ni barabara kuu ya I-80. Winta yangu ya kwanza nilikuwa na trela tupu pale karibu na Elk Mountain, kati ya Rawlins na Laramie, jimbo la Wyoming. Mbingu ya bluu, jua kali, theluji barabarani hakuna, dispacha, yule mpanga safari wa kampuni niliyokuwa nayo, kaniambia njia iko wazi nenda. Nikaona kwenye kioo cha pembeni matairi ya trela ya upande wa juu wa upepo yanaachana na lami. Yameinuka, yakarudi, yakainuka tena. Nilishuka mpaka spidi ya baiskeli, nikatambaa hadi exiti iliyofuata mikono inatetemeka. Usiku ule ndo nikaanza kuuliza, upepo huu umetoka wapi na mbingu haina hata wingu? Umetoka juu. Kwahiyo tuanzie juu.

Kwanza jua unatafuta kitu gani

Jeti strimu ni mto wa upepo unaopita juu sana, kilomita 9 mpaka 13 hivi, kule ndege za abiria zinakopita. Unatoka magharibi kwenda mashariki, unazunguka dunia nzima, una upana wa mamia ya kilomita lakini unene wake ni kilomita chache tu, yaani usiufikirie kama bomba, ufikirie kama utepe. Na hauendi umenyooka, unapanda kaskazini unashuka kusini kama nyoka.

Kwanini upo na kwanini winta unakuwa mkali? Chukua donge mbili za unga wa maandazi, moja weka sehemu ya joto nyingine weka kwenye friji. Ya joto inaumuka, ya baridi inabaki chapati. Hewa ni hivyohivyo. Kusini kwenye joto hewa imeumuka, kaskazini kwenye baridi imejibana, kwahiyo ukipanda juu kilomita 9 unakuta kama meza iliyoinama, kusini juu, kaskazini chini, na kadri unavyozidi kupanda ndo mwinamo unavyozidi. Hewa inataka kuteremka kwenda kaskazini, ila dunia inazunguka, na huku kaskazini mwa ikweta mzunguko unaisukuma hewa kuliani kwake, mwisho wa siku haiteremki, inakwenda mashariki. Winta ncha ya kaskazini haina jua kabisa miezi kadhaa, baridi inajikusanya, wakati tropiki joto lake ni lilelile, kwahiyo meza inainama zaidi na upepo unakimbia zaidi. Ndo maana Julai jeti inasinzia huko Kanada na Januari inashuka mpaka Texas imekasirika.

Ndo sababu pia nyumbani hatukuzoea haya mambo. Babu yangu Pangani alikuwa na kaskazi na kusi, upepo wa miezi, anajua kabisa mwezi fulani upepo utatoka wapi na jahazi linaelekea wapi. Karibu na ikweta tofauti ya joto ni ndogo na msukumo wa mzunguko wa dunia ni mdogo, jeti ya namna hii haipiti kichwani kwa mtu wa Tanga. Huku upepo hauendi kwa miezi, unaenda kwa siku, Jumatatu hivi Jumatano vile, ukija na akili ya misimu utachanganyikiwa.

Winta kuna jeti mbili na ni muhimu kuzitofautisha. Kuna ya upande wa ncha, inakaa kilomita 9 au 10 juu, ndo hii yenye fujo, inapinda sana na ndo inayoleta dhoruba na baridi. Halafu kuna ya pembezoni mwa tropiki, mimi naiita ya tropiki kwa kifupi, iko juu zaidi kama kilomita 12 au 13, maeneo ya latitudo 30, hii imetulia kidogo haipindi sana, na ndo inayovuta unyevu kutoka Pasifiki kuleta Mexico na Texas. Zikikutana zikaungana, na winta zinaungana mara kwa mara upande wa mashariki ya Marekani na juu ya Japani, hapo kaa mbali.

Japani yenyewe ndo penye jeti kali kuliko kote, winta noti 150 ni kawaida na 200 inatokea. Noti hapa sio ya hela, ni spidi, noti 100 ni kilomita 185 kwa saa. Na Mjapani Wasaburo Oishi ndo alikuwa wa mwanzo kuupima vizuri, miaka ya 1920 alikuwa anarusha maputo anayafuata kwa darubini, akaandika ripoti yake mwaka 1926 kwa lugha ya Kiesperanto akitegemea dunia nzima itasoma. Hakuna aliyesoma. Mwaka 1944 ndege za mabomu za Marekani, B-29, zikafika juu ya Japani zikakuta upepo unaovuruga shabaha zote, marubani hawaamini. Baadae kidogo watu wa Carl-Gustaf Rossby pale Chuo Kikuu cha Chicago ndo wakaichambua vizuri na jina la jeti strimu likaenea, Chicago hiyohiyo unayopeleka lodi.

Hatua ya 1: fungua ramani sahihi

Achana na apu ya kajua. Fungua earth.nullschool.net, ni bure, haitaki akaunti. Bonyeza neno earth lililo chini kushoto, itafunguka menyu, tafuta mstari wa Height, utaona Sfc, 1000, 850, 700, 500, 250, 70, 10. Bonyeza 250. Hapohapo utaona mto wenyewe, rangi inayowaka, unapinda juu ya Pasifiki unaingia Amerika. Bonyeza popote itakupa spidi na upande upepo unakotoka, na ukibonyeza kipimo kinabadilika, kilomita, noti, maili.

Hizo namba ni mgandamizo wa hewa, hektopaskali au wengine wanaita milibari, ni kitu kimoja. Chini usawa wa bahari ni kama 1013, ukipanda inapungua. Kwahiyo 850 ni kama kilomita 1.5 juu, 700 ni kilomita 3, 500 ni kilomita 5.5, 300 ni kilomita 9, 250 ni kilomita 10 na kitu, 200 ni kilomita 12. Yaweke kichwani haya, au yaandike kwenye kikaratasi ubandike kwenye dashibodi kama nilivyofanya mimi. Winta kwa jeti ya upande wa ncha ramani bora ni 300, kwa ya tropiki ni 200, na ukitaka moja inayokuonyesha zote mbili kwa pamoja ni 250.

Ukishazoea hama nenda tovuti ya Tropical Tidbits, pale ramani zina mistari ya urefu, na ndo utaanza kusoma kweli.

Saa zinawachanganya watu. Ramani zote zinaandikwa kwa saa ya Greenwich, 00Z, 06Z, 12Z, 18Z. Mara mbili kwa siku, 00Z na 12Z, dunia nzima inarusha maputo ya hali ya hewa kwa pamoja, puto linapanda na kakipimo linatuma joto, unyevu na upepo. Kwa sisi tulio saa za Chicago winta 12Z ni saa kumi na mbili asubuhi na 00Z ni saa kumi na mbili jioni, rahisi kukumbuka. Mtu akiwa Dar 12Z ni saa tisa alasiri. Kompyuta zinapika yale matokeo masaa kadhaa, kwahiyo ile ya asubuhi mimi naiangalia kwenye saa tano hivi, nikiwa nimesimama kunywa chai.

Hatua ya 2: soma mistari na vishale

Mistari kwenye ramani ya juu ni kontua, kama zile za mlima tulizosoma kwenye jiografia form two, inaonyesha ile meza ya mgandamizo iko juu kiasi gani. Mambo matatu tu. Upepo unafuata mstari, haukatizi. Ukiupa upepo mgongo, upande wa chini uko kushoto kwako, yaani baridi iko kushoto, huku kaskazini mwa dunia. Na mistari ikibanana upepo ni mkali, ikiachana upepo umelala.

Vishale vina mbavu. Ubavu mfupi noti 5, mrefu noti 10, kibendera cha pembetatu noti 50. Upande wenye mbavu ndiko upepo unakotoka, usigeuze. Ukiona vibendera vitatu kwenye kijiti kimoja, hiyo ni noti 150, karibu kilomita 280 kwa saa, na ndo aina ya upepo uliosukuma ndege ya British Airways mwezi wa pili 2020 kutoka New York mpaka London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni sita na zaidi. Abiria walifurahi kuwahi. Huku chini Ulaya wenyewe walikuwa wanapigwa na dhoruba iliyoitwa Ciara, ni upepo uleule uliokuwa unailisha.

Hatua ya 3: tafuta bonde na mgongo, halafu jiulize uko upande gani

Kama utasoma hatua moja tu soma hii. Pale mto unaposhuka kusini halafu ukapanda tena, umbo la herufi U, hilo ni bonde. Unapopanda kaskazini ukashuka, umbo la U iliyopinduliwa, huo ni mgongo. Winta kuzunguka dunia nzima unakuta mabonde makubwa matatu mpaka sita hivi, na vibonde vidogo vinakimbia ndani yake.

Sasa usikariri "bonde baya mgongo mzuri", ndo kosa la kila anayeanza. Swali ni uko mashariki ya bonde au magharibi yake. Hewa ikifika kwenye kitako cha bonde inapunguza mwendo, ikitoka kupanda kwenda kwenye mgongo inaongeza. Fikiria malori yanatoka mizani, yakiwa mizani yamebanana, yakitoka kila mtu anakanyaga mafuta, yanaachana, katikati kunabaki nafasi. Juu kule hewa ikiachana nafasi inazibwa na hewa inayovutwa kutoka chini, hewa ya chini ikipanda inapoa, unyevu unakuwa wingu, wingu linakuwa theluji, na pale chini hewa ilikoondoka mgandamizo unashuka na dhoruba inazaliwa. Kwahiyo mashariki ya bonde ndo penye kazi.

Magharibi ya bonde ni kinyume, hewa inashuka, mawingu yanafutika, ila mto unatoka kaskazini kuja kusini, unamwaga baridi ya Kanada. Mbingu safi na baridi ya kupasua midomo. Chicago tarehe 30 Januari 2019 asubuhi, nyuzi 31 za Selsiasi chini ya sifuri pale uwanja wa ndege wa O'Hare, na jua linawaka.

Mgongo nao usiusherehekee haraka. Katikati ya nchi mgongo ni siku nzuri ya kuendesha, lakini Salt Lake City, mji uliozungukwa na milima, mgongo ukikaa juu wiki nzima baridi inanaswa chini kama imefunikwa sufuria, ukungu na moshi wa magari haviendi popote, huoni taa ya mwenzio.

Angalia na ulalo. Bonde likiwa limelala kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, yaani kitako kimetangulia mashariki mbele ya kichwa, dhoruba yake huwa ni ya hasira na inakomaa haraka. Bonde likijikata kabisa likawa duara peke yake nje ya mto, hilo halina ratiba, linaweza kukaa juu ya Arizona siku tatu, modeli zenyewe, zile kompyuta za utabiri, zinabishana. Likitokea hilo mimi simuahidi mteja saa.

Hatua ya 4: tafuta kipande kinachokimbia kuliko vingine

Ndani ya mto kuna sehemu zina rangi kali zaidi, vipande vya upepo mkali sana. Kipande chenyewe kinasogea polepole kuliko hewa iliyomo ndani, hewa inaingia nyuma, inaongeza spidi, inatokea mbele na kupunguza. Kikate vipande vinne kichwani kwako: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, wewe ukiwa umeangalia kule upepo unakoenda.

Hewa inapopanda kutoka chini ni nyuma kulia na mbele kushoto. Hizo mbili zichoree duara. Zile nyingine mbili hewa inashuka.

Sababu dereva ataielewa kuliko profesa. Ukiingia kona na spidi kubwa kuliko kona inavyotaka lori linavutwa nje, si ndio? Hewa ikitoka mbele ya kipande ina spidi kubwa kuliko mteremko wa meza wa pale, mzunguko wa dunia unaishinda, inateleza kuliani, kushoto panabaki pengo, hewa ya chini inapanda kuliziba. Ikiwa inaingia nyuma ni kinyume, bado haina spidi, mteremko unaishinda, inaanguka kushotoni, pengo linabaki kulia. Ndo hilo tu. Wakati mwingine mbele kushoto ya kipande kimoja inakutana na nyuma kulia ya kipande kingine kilichotangulia, na pale katikati unakuta theluji nzito ajabu, watu wa pwani ya mashariki, Philadelphia, Boston, wanaijua hiyo.

Hatua ya 5: teremka ngazi kwa ngazi

Umeona juu, sasa shuka. Usirukie chini moja kwa moja.

500: hapa unaona mabonde yaleyale kwa uwazi zaidi, na upepo wa hapa ndo unaoburuza dhoruba. Dhoruba inafuata huko upepo wa 500 unakoelekea, spidi yake karibu nusu ya upepo huo. Kwa makadirio ya barabarani inatosha kabisa.

850: unaangalia joto. Mstari wa sifuri hapa ukiwa umepita juu ya njia yako anza kuwaza theluji, ukiwa karibukaribu waza mvua inayoganda ikigusa lami, ambayo ni mbaya kuliko theluji mara kumi. Mstari mwingine watu wanaoupenda ni wa 540, unene wa hewa kutoka 1000 mpaka 500 ukiwa mita 5,400, kwa nyanda za chini ndo mpaka wa mvua na theluji wa kukadiria.

Ila sikiliza hapa, kosa hili nimelifanya mwenyewe winta mbili. Laramie iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. 850 iko mita 1,500. Yaani Wyoming ramani ya 850 iko chini ya ardhi! Kompyuta inachora tu kwa kubuni. Nilikuwa naangalia upepo wa 850 pale Elk Mountain naona umetulia, nakwenda, nachapwa. Ukiwa Wyoming, Colorado, Utah juu, tumia 700. Upepo wa 700 ukitoka magharibi au kusini magharibi ukazidi noti 50 juu ya Rawlins, trela tupu usipite, sijali mbingu ina rangi gani. Pale milima ya Rockies ina mwanya, upepo wote unajibana kupita hapohapo kama maji kwenye mdomo wa chupa, na jeti ikiwa juu kabisa ya eneo lile upepo wa kati unakuwa mkali na milima inauvuta mpaka barabarani. Ndo kilichonipata mimi siku ile ya mbingu ya bluu. Hakukuwa na bonde, hakukuwa na dhoruba, kulikuwa na mto wa upepo kichwani.

Mwisho kabisa ndo unaangalia ramani ya chini, mgandamizo mdogo uko wapi, baridi inaingilia wapi, na ripoti ya barabara ya jimbo husika.

Hatua ya 6: ipeleke mbele siku kwa siku

Sogeza masaa. Bonde likiwa California Jumatatu mara nyingi Jumatano liko Nebraska, kwahiyo wewe ukitoka Salt Lake City Jumanne unakimbizana nalo au linakupita Iowa. Uamuzi ni wa aina mbili tu, utangulie au ulale likupite. Kati ya hapo ndo watu wanalala kwenye mitaro.

Angalia umbo zima. Mto ukinyooka magharibi mashariki, mambo yanapita haraka, dhoruba ndogondogo kila siku mbili, magharibi Donner Pass, ile njia ya milimani California, inapokea kila kitu cha Pasifiki, mashariki kuna joto kiasi. Mto ukijikunja sana, mgongo mkubwa unapanda mpaka Alaska na bonde linashuka mpaka Texas, mambo yanakaa, na baridi inayokuja sio ya mchezo.

Modeli mbili kubwa ni ya Marekani inaitwa GFS na ya Ulaya, ECMWF. Zikikubaliana siku tano mbele panga safari, zikigombana panga chumba. Zaidi ya siku saba usisome theluji ya mji, soma umbo tu.

Mfano mmoja kwa karibu: Desemba 2022

Siku kadhaa kabla ya tarehe 21 ramani za 250 na 500 zilikuwa zinaonyesha kitu kilekile kila modeli ikipiga hesabu upya, mgongo umesimama mpaka Alaska, na mto ukifika kule juu unageuka unaporomoka kusini kupitia Kanada mpaka katikati ya Marekani. Fuata hatua ya 3: Wyoming, Nebraska ziko magharibi ya bonde linalochimbika, kwahiyo baridi ya moja kwa moja kutoka ncha. Maziwa Makuu yako mashariki ya bonde, kwahiyo dhoruba itazaliwa huko.

Tarehe 21 Cheyenne, Wyoming, ilikuwa nyuzi 6 juu ya sifuri, baada ya nusu saa ilikuwa 16 chini ya sifuri. Nusu saa! Mtu kaingia kuoga katoka dunia nyingine. Tarehe 23 mgandamizo mdogo ukaporomoka kwa kasi kwenye Maziwa Makuu, Buffalo ikafunikwa theluji na upepo siku kadhaa, walikufa watu zaidi ya 40 maeneo yale.

Mimi nilikuwa North Platte, Nebraska, tangu tarehe 20 jioni, tanki limejaa, nimeshatia dawa ya kuzuia dizeli kuganda kabla baridi haijafika, maana ikishaganda dawa haisaidii kitu. Jamaa yangu mmoja wa Bujumbura akanipigia yuko Rawlins. "Kaka, huku joto, nimevaa tisheti." Nikamwambia paki. "Nipaki kwenye jua hili?" Nikamwambia paki ndugu yangu, fungua 250 uangalie unachokaa chini yake. Alipaki akiwa ananung'unika. Kesho yake hakunipigia, alinitumia picha tu ya kioo chake cha mbele kimegeuka ukuta mweupe kwa ndani.

Kuhusu lile neno pola voteksi

Kila baridi ikija televisheni wanasema pola voteksi. Wanachanganya. Voteksi yenyewe iko kwenye stratosfia, kilomita 30 hivi juu, ni kimbunga kikubwa cha baridi kinachozunguka ncha winta nzima, mbali kabisa juu ya jeti. Kwenye nullschool bonyeza 10 utaiona, duara safi kama gurudumu. Mara nyingine kule juu kunapata joto ghafla na gurudumu linapasuka au linasukumwa pembeni, ilitokea mwanzoni mwa Januari 2019 na mwanzoni mwa Januari 2021. Wiki chache baadae jeti ya huku chini inaweza kujikunja na kumwaga baridi, 2019 ikaja Chicago, na Februari 2021 Texas ikakosa umeme kwenye barafu, Dallas ikafika nyuzi 19 chini ya sifuri. Inaweza, sio lazima. Mimi nikiona 10 imevurugika naanza tu kuwa makini wiki mbili mpaka sita zinazofuata, sipangi safari kwa hiyo.

Kwa walioko Muscat na Dubai

Najua mko wengi na mnasema haya ya theluji hayawahusu. Winta jeti ya tropiki inapita juu yenu kabisa. Fungua 250 au 200 uangalie Mediterania, bonde likitoka huko kuja Iraki, nyinyi mko mashariki yake, mvua na radi. Likishapita mko magharibi yake, upepo wa shamal kutoka kaskazini magharibi, vumbi na bahari inachafuka siku mbili tatu. Hatua ya 3 ileile.

Hatua ya 7: daftari

Hii hakuna anayeipenda. Kabla ya safari andika ulichoona juu na unachotegemea chini, baada ya safari andika kilichotokea. Bila hivyo utaangalia ramani miaka mitano na hujui kama unasoma au unakisia. La kwangu ni daftari la mistari la dola moja, lina madoa ya chai. Ukurasa mmoja wa Februari iliyopita uko hivi, Sidney, Kearney na Grand Island zote ni Nebraska:

"250 bonde Nevada, limelala vibaya, kitako mbele. Kipande cha noti 140, mbele kushoto yake inaangukia Sidney mpaka Kearney Jumatano usiku. 700 Rawlins noti 55, trela ina tani 18, nikapita saa nne asubuhi kwa shida. Nategemea theluji Sidney saa nane usiku. Imeanza saa kumi. Sentimita 20, barabara imefungwa saa kumi na mbili kasoro. Nimelala Grand Island, nimekosea masaa mawili."